Bodi Iliyomalizia Kwanza

Hebu mwoneni mama mmoja kijana, jina lake tuliache, maana angeweza kuwa yeyote aliyekaa kwenye mabenchi haya. Anafanya kazi kwenye karakana ya milango ya shemeji yake, kaka wa mumewe, na kazi yake ni kuendesha ile mashine ya kuchonga maua kwenye mbao, ile inayoongozwa na kompyuta. Kompyuta ikisema kulia, kisu kinakwenda kulia, ikisema shuka, kinashuka, na yeye yuko pembeni anapangusa unga wa mbao kwa mkono, mkono uleule unaombeba mtoto wake jioni.

Sasa umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukaunguza bodi ya kompyuta, lile bamba la ndani linalobeba ubongo wake. Karakana ikalala. Shemeji akaenda mjini akarudi na bodi mbili. Moja mpya, ina taa za rangi, ina kasi ya ajabu. Nyingine ya mtumba, imetolewa kwenye kompyuta ya zamani, hiyo ya akiba tu, mpya ikigoma.

Mnajua mafundi wale wanavyoijaribu mashine? Wanapiga hewa. Wanainua kisu, hawaweki ubao, wanakiacha kicheze juu kwa juu mpaka ua liishe. Likiisha vizuri, basi mashine imepona, kazi inaanza. Shemeji akaifunga ile mpya, akapiga hewa, na jamani ilikimbia, kisu kilikata kona kama mbayuwayu.

"Umeiona, shemeji?" akamwambia yule mama. "Kesho tunawapita karakana zote za mtaa huu."

Watu wakafurahi. Yeye akakitazama kitufe cha kusimamishia. Ya ndani ya kompyuta hakuyajua, alijua kitufe chekundu tu, kwa sababu siku moja kisu kilivuta kitenge chake, akabonyeza, kisu kikasimama palepale, akabaki na pindo lililochanika na vidole vyake vyote.

"Shemeji, hatujajaribu kusimama."

"Kusimama nini? Mashine inanunuliwa ikimbie."

"Mwacheni," akasema mpiga msasa kule nyuma, "anataka mashine ya kukalia." Wakacheka.

Yeye hakucheka. Akaenda kwenye kapu la kuwashia moto, akatoa gunzi la mahindi, akalisimamisha mezani, pale hasa anapopitisha mkono kila siku. Akasema, washa.

Kisu kikaja. Akabonyeza kitufe. Kisu hakikusimama, kikaendelea, kikapita kwenye gunzi, gunzi likawa unga, kikamaliza mstari wake, ndipo kikasimama kwa adabu kabisa. Maana bodi ile, kwa kasi yake, ilikuwa imeshameza maagizo mengi ya mbele. Ukiiambia simama inakusikia, haikatai, ila inamalizia kwanza ilichokwisha kumeza.

"Si imesimama?" akasema shemeji.

"Imesimama baada ya gunzi."

"Basi usiweke mkono. Karakana si mahali pa waoga."

Mnafikiri hakuogopa? Aliogopa. Kazi ni ya shemeji, nyumba anayolala ni ya shemeji, na maneno yatafika kwa mumewe kabla yeye hajafika.

"Naogopa, ndiyo," akasema. "Nina mtoto ananyonya, naogopa sana, na siiwashi. Nifukuze, mwambie mdogo wako mkewe hana heshima, mwambie chochote, siiwashi. Au weka mkono wako hapo, shemeji. Nitabonyeza mimi."

Mpiga msasa akaacha kupiga msasa. Shemeji akautazama ule unga wa gunzi, akautazama mkono wake, akautia mfukoni. Baadaye akautoa ukiwa na bisibisi, akaanza kuifungua bodi mpya.

Ile ya mtumba ilitembea kama bibi harusi. Wakasimamisha gunzi jingine. Akabonyeza, na kisu kikasimama hapohapo, kimelikwangua gunzi kidogo tu ubavuni.

Akina mama wenzangu, nimewaona mnavyotikisa vichwa. Kila mmoja hapa amejiona ndiye yule mama, si ndiyo? Siyo. Sisi ndio bodi.

Ile mpya. Tuna kasi sisi. Tunaimba, tunafunga, tunafagia kanisa, tunaombea wagonjwa, na hapa kanisani tunapiga hewa vizuri mno, kwa sababu hapa hakuna mkono wa mtu chini ya kisu. Na nyumbani je? Neno juu ya wifi yako limeshafika mdomoni, Roho anasema simama, husikii? Unasikia, ila unamalizia kwanza. Fimbo iko juu, mtoto anasema basi mama, nimekoma mama, nawe unasikia, tena vizuri sana, unamalizia kwanza, ndipo unasimama kwa adabu, unamwosha uso, unamvalisha, unamleta hapa. Na aliyekuwa chini ya kisu hakuwa gunzi.

Watakwambia ni kidogo tu, watakwambia hata wewe ulilelewa hivyohivyo, watakwambia mwanamke anayesita hana nyumba. Tukatae. Tutetemeke na tukatae. Tumwombe Mungu aitoe hii bodi ndani yetu, hata kama mtaa mzima utatucheka kwamba tumekuwa polepole. Na leo ukifika nyumbani, mkono ukapanda, ukasikia simama, usitafute mahali pazuri pa kuishia. Simama hapohapo, fimbo ikiwa bado hewani.