Chura Aliyemtangulia Tausi

Hapo zamani, enzi ambazo mfalme akipiga chafya mji mzima hutetemeka, alikuwako Sultani Badauli, naye alitoa sheria njema: kiumbe anayekaribia kutoweka alindwe. Aliyelindwa asiguswe, asihamishwe, wala asilishwe kwa mkono wa mtu. Na atakayeivunja sheria, hata akiwa Sultani mwenyewe, atachapwa viboko hadharani. Basi zogo likawa juu ya nani atangulie kuandikwa katika orodha ya wanaolindwa. Waziri, mtu wa kupenda marembo, akamtanguliza tausi, na ili tausi wapate uwanja wa kuringia, ikaamriwa kidimbwi cha Vuai kifukiwe.

Huyo Vuai alikuwa fukara hohehahe, hana ila kibanda kando ya kidimbwi, na kidimbwini mlikuwa na vyura wadogo kama kunde, wasioonekana penginepo. Aliwapenda mno. Akaenda barazani akilia.

"Ewe Maulana, tausi wamejaa hata jikoni kwako! Vyura wangu wakifukiwa, ndio wamekwisha."

Sultani akacheka. "Chura, na sura ile? Haya, nafasi ya kwanza nampa asiye na mwenziwe duniani. Niletee huyo kabla ya adhuhuri, tausi ampishe. Ukishindwa, kidimbwi kinafukiwa leo hii."

Vuai akapiga magoti. "Yuko hapa, Maulana. Kila asubuhi twakusalimu, 'Ewe usiye na mwenzio duniani,' nawe huitikia, 'Naam.' Au twasema uongo?"

Nani athubutu kusema ni uongo? Sultani mwenyewe hakuthubutu. Basi yeye ndiye akaandikwa wa kwanza, na askari wakakizunguka kiti chake kwa mikuki, wamlinde kama sheria isemavyo.

Pilau ikaletwa, ikarudishwa. "Halishwi huyu," wakasema askari. Sultani akataka kuinuka. "Hahamishwi." Akapiga ukelele, naye Vuai akawaambia watu, "Ndivyo walivyo hawa wakiona njaa, msimkaribie." Baraza zima likajiuma midomo lisicheke.

"Vuai, mwanangu," Sultani akanong'ona, "nitokeje humu?"

"Hutoki, Maulana, mpaka apatikane aliye karibu kutoweka kuliko wewe. Wewe una wana tele wanaokimezea mate kiti hicho, masultani hawatakwisha. Vyura wangu wana kidimbwi kimoja tu."

"Mwandikeni chura!" akaguta Sultani. "Upesi, pilau inapoa!"

Basi chura akaandikwa wa kwanza, kidimbwi kikasalimika, na Vuai akafanywa mlinzi wake kwa mshahara. Sultani akala huku akicheka hata machozi yakamtoka. Waziri akasogea, kalamu mkononi. "Na nafasi ya pili, Maulana?"

"Mpe umtakaye," akajibu Sultani, mdomo umejaa, "ila asiwe mimi!"