Rede ya Semeni na Kiti Kimoja cha Kigali

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, zamani za juzi tu, intaneti ilipokuwa imeshafika lakini umeme bado unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, alikuwepo msichana mmoja Morogoro akiitwa Semeni. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutengeneza magemu ya kompyuta.

Wewe unayecheka hapo nyuma, subiri. Hata mjomba wake, Mzee Shomari, aliyekuwa akimsomesha, alicheka.

"Mpwa wangu," alimwambia, "magemu ni ya watoto. Haya, nenda kwenye hayo maonyesho yenu Dar es Salaam. Ukirudi na kile kiti, mimi nitanyamaza. Ukirudi mikono mitupu, mwezi wa tisa unahamia ualimu wa hesabu."

Na Mzee Shomari alikuwa mtu wa neno moja.

Kiti chenyewe kilikuwa hivi. Gemu likishinda, mtu mmoja alipelekwa Kigali miezi mitatu, akakae na mafundi wa magemu, wamfundishe kazi. Kiti kimoja, mtu mmoja. Semeni alikitaka kiti kile mpaka akawa anakiota mchana.

Miezi kumi na minne aliandika programu. Akaandika, akafuta, akaandika. Gemu lake lilikuwa la rede. Mnaijua rede: wasichana wawili wanarushiana mpira, mmoja huku, mmoja kule, na walio katikati wanaukwepa huku wakijaza mchanga kwenye chupa. Basi Semeni akaitia yote ndani ya kompyuta, chupa, vumbi na kelele.

Siku ya kwanza ya maonyesho ukumbi ulifurika. Mwenye gemu la vita alipata watu. Mwenye gemu la mpira wa miguu alipata watu. Meza ya jirani alikaa kijana wa Tanga, jina lake Kondo, mwenye gemu la bodaboda zinazopanda milima, na foleni yake ilifika mlangoni. Watu walifika kwa Semeni, wakaona chupa na mchanga, wakapita. Wakaja wengine, wakaona chupa na mchanga, wakapita.

Mchana akaja mtu asiyepita. Alikuwa dada wa usafi pale ukumbini, akiitwa Havijawa. Akauegemeza ufagio ukutani, akaketi, akacheza. Akapigwa mpira, gemu likaisha.

"Umekosea, mdogo wangu," akasema.

"Nimekosea nini, dada?"

"Wenzangu wako wapi? Mtu akijaza chupa, anawakomboa wenzake waliotolewa, wanarudi ndani. Huku kwako anayepigwa mpira ndiyo basi, kama aliyehama mtaa. Hebu niambie, rede umewahi kuicheza?"

Semeni akainamisha kichwa. Angeweza kudanganya, lakini hakudanganya.

"Hapana, dada. Nilikuwa na pumu. Mama alikuwa ananikalisha barazani, nikawa natazama tu."

Kumbe kutoka barazani alikuwa akiwaona wasichana wanatoka na kurudi, wanatoka na kurudi, akadhani wanapokezana kwa sababu wamechoka. Miaka yote ile hakuna aliyemweleza, maana nani humweleza mtu rede?

Havijawa akamshika mkono, wakaenda mpaka uani, nyuma ya ukumbi. Akaokota chupa ya maji, akasokota mpira wa matambara, akawaita wenzake wawili wa usafi wawe warushaji. Wakacheza. Semeni akapigwa mpira mara ya kwanza maishani mwake, akatoka. Havijawa akaruka, akakwepa, akajaza chupa, akapaza sauti: "Semeni, rudi!" Na Semeni, msichana wa miaka ishirini na mmoja, akarudi mchezoni machozi yakimlengalenga, kwa haya na kwa furaha.

Alasiri nzima akaandika, akafuta, akaandika.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa ya majaji. Asubuhi umeme ukakatika, kisha ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ya Semeni ikatoa moshi. Ikafa palepale. Gemu lilikuwa salama kwenye flashi, lakini kanuni ilisema meza ambayo majaji wataikuta haina kompyuta, imejitoa. Semeni akaenda meza ya kwanza kuazima kompyuta, wakakataa. Akaenda meza ya pili, wakakataa. Msiwalaumu, kila mtu alikuwa na lake.

Kondo akamtazama Semeni. Akaitazama foleni yake. Akazima kompyuta yake, akaichomoa na kuibeba hadi meza ya jirani.

"Chukua."

"Na wewe je, kaka?"

"Langu watu waliliona jana, lako hawajaliona. Chomeka flashi yako haraka, dada, kabla roho haijaniuma."

Foleni ikamzomea. Naye, kwa kuwa meza yake sasa haikuwa na kompyuta, akaenda kwa karani wa mashindano, akafuta jina lake kwa mkono wake mwenyewe.

Majaji wakaja, mbele yao Mama Nyamizi, mtu mzima mwenye miwani minene. Wakacheza. Mmoja akitolewa, mwenzake anajaza chupa, anamrudisha. Mama Nyamizi akapigwa mpira, akasahau kabisa kuwa yeye ni jaji, akapiga ukelele: "Nikomboeni jamani!" Ukumbi mzima ukageuka. Safari hii watu walifika, wakaona chupa na mchanga, wasipite. Saa kumi jioni rede ikatangazwa ya kwanza.

Semeni akapewa kipaza sauti aseme machache. Akasema yote. Akalisema kosa lake, akamtaja Havijawa. Akausema moshi, akamtaja Kondo. Mdomo uliponza kichwa, jamani! Mama Nyamizi akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaifungua karatasi ya kanuni.

"Humu hamkuandikwa kwamba kiti ni cha aliyeandika programu," akasema. "Mmeandikwa kiti ni cha aliyelifanya gemu lishinde. Haya, wanangu, ni nani huyo?"

Havijawa akatangulia.

"Shikamoo mama. Mimi sitazunguka. Gemu la mwanzo lilikuwa na msichana anayekwepa mpira mpaka apigwe, basi. Watu walikuwa wanalipita, nilikuwepo, niliona. Kilichokufanya wewe upige ukelele ni kukomboana, na hicho nimekileta mimi. Miaka sita nafagia nyuma ya washindi. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi najua nini. Nakitaka kiti."

Kondo akasema:

"Dada Havijawa amesema kweli. Lakini gemu lisiloonekana halishindi. Wao wametoa walichonacho na bado wanacho. Mimi nilichotoa kimekwenda. Nilikuwa na foleni mpaka mlangoni, na mwisho wa umri hapa ni miaka ishirini na mitano. Mwakani nitakuwa na ishirini na sita. Shukrani nimezipata, asanteni. Nakitaka kiti."

Simu ya Semeni ikaita. Mzee Shomari.

"Nimesikia umeshinda, mpwa wangu! Hivi gemu hilo linaweza kuingia kwenye simu yangu hii ya kitochi?" Akacheka, kisha akauliza, "Na kiti? Kiti umepata?"

"Nitakupigia, mjomba," akasema Semeni, akakata. Akawageukia wenzake. Aliwapenda wote wawili, na aliona aibu kwa alichotaka kukisema, lakini alikisema.

"Dada yangu ametoa alasiri moja. Kaka yangu ametoa siku moja, siku kubwa, sibishi. Mimi nimetoa miezi kumi na minne. Kama nisingeandika, dada asingekuwa na cha kusahihisha, wala kaka asingekuwa na cha kuokoa. Nami nakitaka kiti."

Kisha Mama Nyamizi akacheka, kicheko kizuri cha mtu aliyeshiba.

"Watatu mnadai, na sijasikia uongo hata mmoja. Semeni, ungenyamaza leo tusingekuwa hapa. Wewe uliyesema yote bila kuulizwa ndiye utakayeandika. Weka jina moja hapo."

Akampa karatasi na kalamu. Semeni akawatazama wenzake. Havijawa hakukwepesha macho, wala Kondo hakukwepesha. Wote wawili wakamwitikia kwa kichwa, kumwonyesha kwamba atakaloandika watalipokea. Akainama, akaandika jina moja.

Jina lile nalijua, ila silitaji, maana nikilitaja mtakubaliana nami kwa uvivu. Nawaachia nyinyi. Mmoja alilitunga gemu, mmoja alilinyoosha, mmoja alijinyima ili lionekane. Je, kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?