Kwa Nini Ruba Hutuvizia Njiani

Ketini wote, na yule aliyetangulia bila kujipaka arudi. Mnaingia msituni miguu mitupu kana kwamba mnakwenda kisimani, halafu mkitoka mnavuja damu mnanililia mimi. Nimechoka. Leo mtasikiliza kwanza.

Hapo kale Ruba hakuishi msituni. Aliishi majumbani mwa watu, katika mtungi nyuma ya nyumba, na alikuwa na mifupa kama sisi. Kazi yake ilikuwa uganga. Mtu akivimba kwa jipu au mwiba, Ruba alifyonza damu mbovu akaiacha nzima. Watu wakamwamini kupita kiasi, wakasahau kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Siku moja Kiondo, mtoto wa pekee wa Nakijwa, alivimba mguu kwa mwiba. Mama yake akamweka Ruba pale penye uvimbe. Mara ngedere wakavamia mahindi yake shambani.

"Ukiona damu nyekundu, acha," Nakijwa alimwambia Ruba.

"Mama, kwani mimi mgeni hapa? Nenda kawafukuze."

Damu mbovu ikaisha. Ruba akaionja nyekundu, akaiona tamu, akaendelea kunywa huku mtoto akimsihi aache. Mlafi yule hakuacha.

Nakijwa aliporudi alimkuta mwanawe amepauka, na Ruba amevimba kama kibuyu. Akamvuta kwa mikono miwili. Kadiri alivyomvuta ndivyo Ruba alivyong'ang'ania, hadi kidonda kikachanika. Mwishowe akamtemea mate ya tumbaku aliyokuwa akitafuna, na hapo Ruba akaachia. Lakini damu haikukatika. Kiondo akafia mapajani mwa mama yake.

Nakijwa akamkanyaga Ruba mpaka mifupa yote ikasagika, akaenda kumtupa msituni kwenye majani mabichi.

"Hutaitwa tena nyumbani kwa mtu," akamwambia.

Ruba, asiye na haya, akajibu, "Basi mtanifuata wenyewe."

Na tangu siku hiyo Ruba hana mfupa hata mmoja. Husimama kwa mkia juu ya jani akimnusa apitaye. Nasi hatumng'oi kwa mkono, wala hatuingii msituni kabla ya kupaka miguu maji ya tumbaku, watoto kwanza. Aliyeanza ni Nakijwa. Mpaka uzeeni alikaa mwanzo wa njia na chungu chake, akiwapaka watoto wa wenzake, maana wa kwake hakuwapo.

Nanyi mnaniambia tumbaku inanuka.