Zamu ya Mzee wa Lango

Wapendwa, kaeni vizuri, na ninyi wa nyuma mlioegemea ukuta msisinzie, maana mfano wa leo una watu mnaowafahamu.

Kulikuwa na mzee mmoja, msimamizi wa mfereji. Mnajua mambo ya mifereji ya milimani. Maji yanatoka msituni, yanashuka, yanafika langoni, na lango lenyewe ni ubao mzito tu uliopachikwa kati ya mawe mawili. Ubao ukiinuliwa, maji yanakwenda mashambani. Kwa hiyo anayeshika lango ndiye anayeamua nani atakula na nani atalala njaa.

Na tumpe haki yake huyu mzee. Zamani maji yale yalikuwa ya wenye mabavu. Mwenye wana wengi wenye mapanga ndiye aliyemwagilia, na mjane alibaki kuyasikia tu maji yakipita. Yeye, kijana wakati huo, akaingia katikati ya mfereji, maji yakimfika magotini, akasema: "Kuanzia leo maji yanakwenda kwa zamu. Kila nyumba na zamu yake. Hata mimi." Wakampiga, wakamng'oa na meno. Hakutoka majini. Watu wakampenda kwa hilo, wakamkabidhi lango.

Akawafundisha na desturi moja. Zamu yako ikiisha, anayekufuata anasimama pale langoni anapaza sauti: "Zamu imekwisha!" Nawe, popote ulipo shambani, unaitikia: "Nimefunga, pokea!" Ukishatamka hivyo, basi. Hata kama umebakiza tuta moja kavu, huongezewi hata kata moja ya maji. Kijiji kizima kilikuwa na maneno hayo mdomoni. Mpaka watoto wakigombea bembea walikuwa wanaambiana vivyo hivyo.

Miaka ikaenda, mzee akazeeka. Kuzeeka si dhambi, sote tuko njiani. Mikono ikaanza kutetemeka, ubao ukamwia mzito. Siku nyingine alisinzia palepale langoni, maji yakafurika, yakabomoa kingo, yakaenda kumwagilia barabara. Watu walinong'ona majikoni mwao. Lakini wakifika mbele yake? "Mzee, bado uko imara! Bila wewe mfereji huu utakauka!" Na waliosema kwa sauti kubwa zaidi, ajabu, zamu zao nazo zikazidi kuwa ndefu.

Sasa, alikuwapo mama mmoja mwenye shamba la maharage mwisho kabisa wa mfereji. Mume alikwishafariki. Watoto wapo, na maharage yale ndiyo chakula chao cha mwaka. Siku moja kwenye kikao akanyoosha mkono, akasema kwa adabu zote: "Shikamoo, mzee. Naomba kuuliza, tutachagua lini msimamizi mwingine, ili nawe upumzike?"

"Marahaba," mzee akasema. "Nani amekutuma?"

"Sijatumwa, baba. Nimeona umechoka."

"Mimi nilipigwa kwa ajili ya maji haya. Wewe ulikuwa wapi?"

Alikuwa mgongoni mwa mama yake, ndiko alikokuwa! Lakini hakujibu hivyo. Akaketi.

Wiki ile zamu yake ikarukwa. Akaenda kuuliza, akaambiwa maji ni machache. Wiki iliyofuata ikarukwa tena. Na maharage yalikuwa yanatoa maua. Ninyi wakulima mnajua: ua la haragwe likikosa maji linaanguka, halingojei kikao. Nawauliza, wapendwa, yale maji yalikuwa zawadi ya mzee au haki ya yule mama? Na majirani je? Walijua. Waliinamia matuta yao wakaendelea kupalilia, wakijifanya hamnazo.

Ilipofika tena siku ya zamu yake, mama akapiga moyo konde. Akachukua jembe, akapanda mpaka langoni. Hakukuta mtu. Mzee alikuwa shambani kwake, ameinamia migomba, na maji yote yalikuwa yanaingia huko, zamu za watu ambao hawakuthubutu kudai. Waliokuwa mashambani wakamwona mama amesimama pale juu, wakaacha kulima. Akajaza kifua, akaita:

"Zamu imekwishaaa!"

Na mzee, akiwa amempa mgongo, bila kugeuka wala kufikiri, kama alivyoitikia maisha yake yote, akapaza sauti:

"Nimefungaaa, pokea!"

Bonde zima likasikia. Mama akaingia majini, akaushika ubao.

Alipogeuka akaona ni nani anayeita, akatambua mdomo wake umefanya nini. Wapambe wake wakapanda mbio, wanahema. "Ulimi umeteleza tu! Mzee hakukusudia! Mama, achia huo ubao!"

"Siachii," akasema. "Yeye amefunga, mimi nimepokea. Si ndiye aliyetufundisha?"

Jirani mmoja akaacha tuta lake, akaja akasimama ndani ya mfereji karibu naye. Akaja mwingine. Hakuna aliyeshika panga wala aliyetukana. Walisimama tu, wengi, na hawakutoka.

Mzee akapanda polepole na fimbo yake. Akafika, akawakuta katikati ya mfereji, maji yakiwafika magotini. Mpambe mmoja akamshika mkono, akamnong'oneza, "Baba, waambie uliteleza ulimi."

Mzee akautoa ule mkono. "Haujateleza," akasema. "Katika mwili wangu wote, ni ulimi tu uliokuwa bado unakumbuka."

Kisha akamgeukia yule mama. "Mwanangu, ubao huu uinue kwa nguvu ya miguu, usiuinue kwa mgongo. Mimi sikuambiwa mapema." Akashika njia ya nyumbani kwake.

Nasikia mnashusha pumzi. Ngojeni kwanza. Hamjaniuliza habari za maharage. Sehemu kubwa ya maua ilikuwa imekwishaanguka, na mwaka ule watoto wa yule mama walikula kwa kupimiwa. Mzee alichelewa kuondoka, lakini njaa haikuingia nyumbani kwa mzee.

Sasa turudi kwetu. Najua mnamfikiria nani. Mnamfikiria yule ambaye picha yake iko ukutani tangu mlipokuwa darasa la kwanza, naye bado anasema hajamwona wa kumwachia. Ni kweli, mfikirieni. Aliyepewa lango na watu hakupewa mfereji. Mema aliyoyatenda jana hayampi ruhusa ya kunyima watu maji leo. Nami nasema hivyo bila kupepesa macho, na akija kuabudu hapa nitamwambia ana kwa ana.

Lakini nani aliyemzeesha mzee langoni? Nani alikuwa anamwambia bado yuko imara huku anamwona anasinzia? Ni sisi. Tunamwita baba, tunampigia makofi, kisha tunarudi majikoni kunong'ona. Hiyo siyo heshima, ndugu zangu. Hiyo ni kumtupa mzee wa watu, ila tumemtupa akiwa amekalia kiti. Na mama aliporukwa zamu mara ya kwanza, sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunapalilia.

Basi tukate shauri leo, kila mmoja. Ukimwona mtu ananyimwa haki yake, ingia majini usimame naye siku hiyohiyo ya kwanza, maua yangali juu. Usingoje ulimi wa mkubwa uteleze. Na wewe uliyeshika lango lolote, liwe la nchi, la kijiji, la kikundi cha akina mama, liwe la kanisa hili, jizoeze kuitikia ungali una sauti.

Naona mama mmoja wa kwaya anaangalia saa. Una haki, mama. Nami nimeitwa.

Nimefunga. Pokeeni.