Mche Uliofungwa Kamba

Sifa haioti hata ikinyeshewa. Jana mlimsikia shangazi yenu akimwambia hivyo bi harusi, mkacheka, na leo mnataka kujua neno hilo limetoka wapi. Basi kaeni, na mwenye usingizi akalale kwao. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani kwetu alikuwako mke mpya aliyeitwa Mkunde, mke wa Singano. Katika ukoo ule mke mpya hakuwa na jiko lake. Alipika kwa mama mkwe, akiulizwa chumvi katia kiasi gani na kuni mbona zinakwisha upesi. Ili ajengewe jiko, alipewa mbegu za mnavu, mboga yetu ya majani, azipande nyuma ya nyumba pamoja na mchicha na maboga. Mche wa mnavu uliostawi kuliko yote ulifungwa kamba ya mgomba, na huo haukuchumwa. Uliachwa uzae vitunda, na vikiiva vikawa vyeusi hukamuliwa, mbegu zikaanikwa kwenye majivu. Mvua ikianguka, mke huzirudisha kwa mama mkwe mbele ya wanawake wenzake. Asiye na mbegu hana jiko mpaka mwaka mwingine.

Mkunde alilitaka jiko lile kuliko kanga mpya. Jua lilipokuwa kali alimwagilia bustani kwa maji ya kuoshea vyombo, na kila asubuhi aliuendea mche wa kamba kabla hata ya kunawa uso. Mchicha na maboga yaliliwa yakaisha, na miche mingine ya mnavu ilichumwa ikabaki vijiti. Ule ulitoa maua, kisha vitunda vya kijani.

Ndipo adhuhuri moja wakatokea wajomba wa Singano bila kutuma habari, na mama mkwe akiwa pamoja nao. Unga ulikuwepo, mboga hakuna. Mkunde alisimama bustanini na ungo mtupu. Akiwapa wageni ugali kwa chumvi, habari itafika mpaka kwao alikozaliwa. Akasema moyoni atachuma majani machache tu. Machache hayakutosha chungu. Akaongeza, akaongeza tena, maua na vitunda vichanga akivitupa chini, mpaka kamba ikabaki imefunga kijiti.

Wajomba walikula wakajilamba. Walisema Singano kapata mke, mikono ile ni ya dhahabu. Mama mkwe alitafuna polepole, akamaliza sahani yake. Mkunde alifurahi hata akasahau. Alikumbuka alipouona mche umekauka, na tangu hapo kila wingu lililopita lilimtia hofu.

Mvua ikaja. Wanawake wakakusanyika uani kwa mama mkwe, kila mmoja na jembe lake. Mkunde akapiga magoti, mikono mitupu.

"Mama, sina mbegu," alisema. "Siku ile ya wajomba niliuchuma mche wa kamba. Niliogopa aibu."

"Najua. Mnavu ukishatoa maua majani yake huwa machungu. Niliyaonja, nikanyamaza nisikuvunjie heshima mbele ya wageni."

"Nisamehe, mama."

"Nimekwisha kukusamehe, mwanangu. Lakini wajomba walikupa nini?"

"Walinisifu."

"Basi nenda ukazipande hizo sifa. Mvua ndiyo hii."

Hakuna aliyecheka. Mkunde aliililia bustani yake msimu mzima, maana mvua ilinyesha kwa wote, na penye mnavu kwake paliota magugu. Akarudi kuinamia jiko la mama mkwe, akiulizwa habari za chumvi.

Mwaka wa pili alipewa mbegu tena, akafunga tena mche wake. Jua likawa lilelile, na wajomba, kama mnavyowajua wajomba, wakaja tena bila habari, na mama mkwe akiwa pamoja nao. Safari hii mche ulikuwa umejaa vitunda vinavyoanza kuiva. Mkunde aliutazama, akaupita. Akatenga ugali, chumvi na pilipili.

Mjomba mkubwa akasukuma sahani. Akasema mwaka jana walikaribishwa vizuri wakamsifu, leo kuna nini?

Mkunde akapiga goti. "Nilizipokea sifa zenu, mjomba, nikashukuru. Lakini sifa haioti hata ikinyeshewa."

Mama mkwe akavuta sahani karibu, akachovya tonge kwenye chumvi, akala. Kesho yake akawaita mafundi waje kujenga jiko, na mvua ilikuwa bado.