Jina la Lori la Nkwabi

Sogeeni karibu, na anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana mimi sirudii.

Kituo cha Nyamilonge kilibaki na watu watatu. Barabara mpya ya lami ilipita mbali, wenzao wakaifuata, nyumba zikafungwa. Tupokigwe, muuza chapati, alikuwa na macho yasiyopitwa na kitu. Mzee Kasyupa, muuza spea, macho yake yalishaanza kufifia, lakini vidole vyake vilijua chuma. Ambwene, fundi springi, alikuwa na subira, tena ile ya kuudhi. Wote walikuwa wapweke, na upweke wao ulifanana: hapakuwa na wa kuwaita kwa majina. Tupokigwe aliitwa "mama chapati", Kasyupa "we mzee", Ambwene "fundi" basi.

Lori moja tu ndilo lililokuwa bado likipita hapo, la Nkwabi, limejaa mahindi. Halikuwa na jina kichwani kama malori mengine. Nkwabi aliapa kuliandikia jina la mtu atakayemwokoa nalo njiani.

Siku moja alikunywa chai, akaondoka kwenda kuteremka mlima. Tupokigwe akatazama alama za tairi vumbini. Za nyuma hazikufuata za mbele, zilikaa pembeni. Akalikimbilia lori kabla halijachanganya mwendo.

"Baba Nkwabi, simama. Gari lako linakwenda kiupandeupande."

"Barabara mbovu tu hii, mama."

"Barabara haihamishi tairi. Shuka uone."

Akashuka, akaona. Ekseli ya nyuma ilikuwa imehama.

Ambwene alifungua springi, akakuta boliti ya katikati, ile inayoifanya ekseli ikae mahali pake, imekatika. Nkwabi akaenda dukani, akachagua nyingine ya unene na urefu uleule. Karibu kila dereva hukosea hapohapo. Mzee Kasyupa alimfuata mpaka garini, akapapasa tundu la ekseli, kisha kichwa cha boliti.

"Irudishe, mwanangu. Kichwa chake kidogo, kitacheza humu tunduni. Ekseli inashikwa na kichwa, siyo na urefu."

Alipekua makopo yake mchana kutwa mpaka akaipata iliyojaa tundu sawasawa. Ilikuwa moja tu.

Ambwene akaifunga, akakaza yuboliti zinazobana springi na ekseli, akavuta kamba kulia na kushoto mpaka vipimo vikalingana. Nkwabi akawasha gari aende zake. Ambwene akasimama mbele ya bampa.

"Nenda na mzigo mpaka darajani, kisha urudi nikaze tena."

"Fundi, nimechelewa."

"Mimi sina pa kwenda. Nitakusubiri."

Nkwabi alirudi amenuna. Nati zote zilikuwa zimelegea, na moja ilizungushwa kwa vidole vitupu.

Alishuka mlima salama. Juma lililofuata alikuja na kopo la rangi, akawaambia ukweli.

"Kuanzia kesho napita barabara mpya, hii itaniua. Ila jina nitakaloandika litasomwa kila mji, na watoto wataliita gari likitokea. Nafasi ni ya jina moja tu, la kusomeka kwa mbali. Sasa niambieni, niandike la nani?"

Hakuna aliyesema "langu". Tupokigwe alijifuta mikono ambayo haikuwa na unga. Kasyupa aliuliza rangi ni ipi, akaambiwa nyekundu, akasema nyekundu ni nzuri. Ambwene alikwenda kuleta ngazi, akaishikilia kwa mikono miwili.

Kama si macho ya mama yule, Nkwabi angekufa. Kama si vidole vya mzee, angekufa. Kama si subira ya fundi, angekufa vilevile. Nimeisimulia hadithi hii mara nyingi, na kila nikimpa mmoja jina, nawaona wale wawili wakirudi ndani, wasubiri tena mtu wa kuwaita. Inaniuma, wala sioni haya kusema.

Nkwabi yuko juu ya ngazi, burashi keshaichovya. Je, wewe ungemwambia aandike la nani?