Pingamizi la Mtani

Hapo zamani, lakini si zamani mno, maana mihuri ilikuwa imeshafika na watu wameshaanza kuiogopa, palikuwa na msichana wa Kihehe aliyeitwa Twilumba. Alilelewa na bibi yake, Sekinyaga. Tangu mavuno bibi huyo alikuwa kitandani, hana hamu ila moja. "Nimwone mjukuu wangu anaolewa, nipige kigelegele kimoja, basi nijiendee."

Twilumba na mchumba wake, Kihwele, wakaenda bomani kuomba kibali cha ndoa. Karani Byabato, mgeni katika wilaya ile, akabandika tangazo mlangoni: siku ishirini na moja, mwenye pingamizi aandike.

Siku ya ishirini akapita Mbano. Mbano ni Mngoni, na Wangoni na Wahehe ni watani. Sasa mtani aone tangazo kama lile apite kimya? Akaomba karatasi, akaandika: "Napinga. Wazee wetu walimteka bibi wa msichana huyu vitani. Ukoo mzima ni mateka wetu. Haolewi mtu bila ruhusa yetu." Akaondoka anacheka peke yake.

Karani akasoma, akagonga muhuri, akamwita Kihwele.

"Haya ni kweli?"

Kihwele akajibu kama mtani anavyojibiwa. "Kweli tupu, mzee. Na sisi tuliwateka babu zake kumi, bado tunao."

Karani akaandika: bwana harusi amekiri. "Kibali kitangoja mpaka mpingaji aje mwenyewe kufuta."

Siku hiyohiyo mganga wa zahanati alikuwa amesema bibi ana siku tatu. Kihwele na Twilumba wakamkimbilia bibi, wakamsomea lile pingamizi. Bibi akacheka mpaka akainuka, akakaa.

"Mbano kaniita mateka? Asifute! Mwambieni aongeze!"

Mbano akaongeza. Kila siku akaandika, kila siku karani akagonga muhuri, na kila asubuhi bibi akauliza, "Leo Mngoni kasemaje?" Twilumba akamsomea, bibi akacheka, akanywa uji. Siku tatu za mganga zikapita. Zikawa tano. Zikawa tisa.

"Bibi, mruhusu afute."

"Kesho, mjukuu wangu. Kesho."

Siku hiyo ya tisa Mbano akaingiwa na woga kwamba bibi atakufa kabla ya harusi, akaenda kufuta yote bila ya kuruhusiwa. Asubuhi ya kumi bibi akauliza Mngoni kasemaje, na hapakuwa na kitu cha kumsomea. Karani alikuwa akigonga muhuri wa kibali wakati bibi anakata roho.

Makaburini Mbano akaruka ndani ya kaburi, akalala chali. Watani huruhusiwa hayo. Ila safari hii hakucheka.

"Sitoki. Bibi kanyimwa kigelegele chake. Kama ni mimi, nifukieni. Lakini kumbukeni, mganga alimpa siku tatu, mimi nikampa tisa."

"Ungefuta siku ya kwanza, moja ingemtosha," akasema Kihwele.

"Na wewe ungejibu hapana, nisingekuwa na la kufuta."

"Mtu akitaniwa akakataa, si amegomba? Utani wa wazee niuvunje mimi? Muulizeni karani aliyeandika mzaha kama ushahidi."

Karani alikuwa amekuja na kibali mkononi. "Nilijua ni mzaha," akasema. "Lakini nikichana karatasi ya mzaha leo, kesho nitachana ya mtu mwenye haki. Naye marehemu mwenyewe ndiye aliyekataza isifutwe."

Wote wakamgeukia Twilumba.

"Ningeweza kwenda kwa Mbano siku yoyote," akasema. "Nilipenda kumwona bibi akicheka. Nilipenda mno."

Akapokea kibali kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na udongo, kwa kuwa mjukuu ndiye wa kwanza kurusha. Akasimama hapo.

Mimi nimemwacha amesimama vilevile, wala msinitazame mimi. Mmewasikia wote, na bibi pia mmemsikia. Je, nani alistahili udongo ule?